Hadaa katika Mapenzi na Mlipaji wa Gharama Yake: Kutoka Liyongo hadi Fataki

Utangulizi

Waswahili husema kwamba mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika. Methali hii inadai kuwa hisia ya kweli hujitokeza yenyewe, atake asitake mwenye nayo. Hata hivyo, methali imelitazama jambo kwa upande mmoja tu. Kikohozi kinaweza pia kuigizwa. Mtu mwenye afya anaweza kukohoa kwa makusudi ili asikiwe, na asiyependa anaweza kuyatamka maneno yote ya mpenzi, tena kwa ufasaha kuliko apendaye. Fasihi ya Kiswahili, tangu masimulizi ya kale hadi riwaya za karne ya 20, imeushughulikia upande huo wa pili kwa makini sana.

Mhadhara huu unahusu hadaa na vishawishi katika mapenzi kama vinavyojitokeza katika nyakati mbalimbali za historia ya Waswahili na ya lugha yao. Swali lake si kama wapenzi hudanganyana, kwa kuwa jibu linajulikana. Swali ni hili: hadaa inapofichuka, ni nani hulipa gharama yake? Hoja itakayojengwa ni kwamba, kwa sehemu kubwa ya historia hiyo, aliyelipa si aliyehadaa bali aliyehadaiwa, na mara nyingine hata shahidi aliyesema kweli. Lugha yenyewe imeshiriki katika kumficha mtenda. Lakini zipo kazi chache ambazo zimethubutu kumtaja, na hizo ndizo zinazostahili kuangaliwa kwa karibu.

Msamiati wa hadaa

Ni vyema kuanza na maneno. Kiswahili kina utajiri wa vitenzi vya kueleza namna mtu anavyovutwa na kupotoshwa: kutongoza, kushawishi, kuhadaa, kulaghai, kurubuni, kurairai, kuzuzua. Baadhi ya istilahi zinazohusika zina asili ya Kiarabu, kama vile hila na hadaa. Mojawapo ya maneno hayo ina historia ya kufunza. Katika Kiarabu neno fitna hubeba maana za jaribu, kishawishi, haiba inayopotosha na ghasia katika jamii. Lilipoingia katika Kiswahili likawa fitina, na maana iliyokita mizizi ni ile ya uchonganishi. Maana ya haiba inayompotosha mtu ilififia, na kazi yake ikabebwa na maneno mengine.

Linalostahili kuzingatiwa zaidi ni viambishi. Jamii inapomzungumzia msichana aliyedanganywa na mwanamume, mara nyingi husema kwamba msichana huyo ameharibika. Kitenzi hicho kina kiambishi cha kauli ya kutendeka, na kauli ya kutendeka haimhitaji mtenda. Chungu huvunjika, nguo huchanika, msichana huharibika: hakuna anayeulizwa alivunja nani, alichana nani, aliharibu nani. Lau ingesemwa kuwa ameharibiwa, kauli ya kutendwa ingeacha mlango wazi kwa swali la pili, yaani ameharibiwa na nani. Tofauti ya silabi moja ndiyo tofauti kati ya kisa chenye mkosaji na kisa kisicho naye. Tofauti hiyo inafaa kukumbukwa katika kupitia mifano ifuatayo.

Mchumba kama chambo: kisa cha Liyongo

Masimulizi ya Fumo Liyongo, shujaa na malenga wa pwani ya kaskazini, yalichapishwa na Edward Steere mwaka 1870, na mwaka 1913 Muhammad Kijumwa wa Lamu aliyatungia utendi. Wataalamu hawakubaliani kuhusu wakati alioishi Liyongo, lakini mtiririko wa kisa unajulikana. Mfalme wa Pate anaihofia nguvu ya Liyongo, naye anatafuta njia ya kumwangamiza. Silaha hazimwezi. Siri ya kifo chake ni moja tu: sindano ya shaba ikichomwa kitovuni.

Kwa kawaida kisa hiki hufundishwa kama kisa cha ushujaa na usaliti. Kinaweza pia kusomwa kama kisa cha ndoa zilizofanywa mtego. Katika utendi wa Kijumwa, Liyongo anaozwa mwanamke wa Kigala kwa sababu Wagala wanaitamani mbegu ya shujaa huyo. Mtoto anayezaliwa katika ndoa hiyo ndiye anayekuja kutumiwa na mfalme. Naye anavutwa kwa nini? Anaahidiwa cheo, na pamoja na cheo kuozwa binti wa mfalme. Mapenzi ambayo hayajawahi kuwapo, kwa binti ambaye hana sauti katika kisa, ndiyo yanayotosha kumfanya mtoto amuulize baba yake siri ya uhai wake, kisha aurudie usiku akiwa na sindano.

Hapa hadaa ina tabaka mbili. Mtoto anajifanya mwana mwenye mapenzi kwa baba, huku mfalme akijifanya mkwe mwema kwa mtoto. Baba anakufa, na mtoto haipati furaha aliyoahidiwa. Aliyetunga hila hakuishika sindano kwa mkono wake. Mfano huu wa kale unaweka wazi jambo ambalo litarudi katika zama za baadaye: kishawishi cha mapenzi kina nguvu zaidi pale kinapotolewa na mtu mwenye mamlaka, na mtu huyo ndiye wa mwisho kudaiwa.

Kanzu iliyochanika

Kisa cha pili kilifika pwani pamoja na Uislamu, nacho kikapata nafasi katika masimulizi na katika tenzi za Kiswahili. Ni kisa cha Nabii Yusufu, kama kilivyo katika sura ya 12 ya Kurani. Mke wa mkuu wa Misri, ambaye mapokeo humwita Zulekha, anamtamani kijana aliyelelewa nyumbani mwake. Yusufu anakimbilia mlangoni, naye anaivuta kanzu yake kwa nyuma mpaka inachanika. Mume anapotokea, mwanamke anageuza maneno na kudai kuwa yeye ndiye aliyekusudiwa ubaya. Shahidi kutoka katika jamaa za mwanamke huyo anatoa kanuni: kanzu ikiwa imechanwa kwa mbele, mwanamke amesema kweli, ikiwa imechanwa kwa nyuma, amesema uongo. Inapotazamwa, imechanwa kwa nyuma.

Wasikilizaji wengi huishia hapo, kwenye ushindi wa ushahidi. Lakini kisa hakiishii hapo. Baada ya dalili zote kuonekana, Yusufu anatiwa gerezani, na anakaa humo kwa miaka. Ukweli umejulikana, mwongo ametambuliwa, na bado anayefungwa ni asiye na hatia, kwa sababu heshima ya nyumba kubwa ina thamani kuliko uhuru wa kijana asiye na ukoo karibu. Kisa hiki kinafaa pia kuwazuia wasomi wasidhani kwamba mhadaa ni mwanamume daima. Kinachomwelekezea mtu gharama si jinsia peke yake, bali ni nafasi yake katika jamii: nani ana nyumba, nani ana cheo, nani anaweza kupelekwa gerezani bila mtu kuuliza.

Stara na fumbo katika karne ya 19

Si kila kificho ni hadaa, na jamii ya Waswahili ililijua hilo vizuri. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Mshamu, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, aliyeyapinga majeshi ya Sayyid Said wa Unguja, alimtungia binti yake utendi wa wosia. Alikuwa mgonjwa, naye alifariki takriban miaka miwili baadaye. Katika utendi huo anamfunza binti adabu, namna ya kujipamba, kuiweka nyumba na kumridhisha mume, na anaisimulia ndoa yake mwenyewe iliyodumu kwa mapatano hadi kifo cha mumewe.

Utendi huu umezua mjadala mrefu. Wapo waliousoma kama mwongozo wa utii, na wapo, kama Ann Biersteker katika makala yake ya mwaka 1991, waliouliza kama ndani ya maneno ya utii hamna pia maarifa ya mamlaka, yaani namna mke anavyoweza kuiongoza hali yake akitumia lugha inayokubalika. Ikiwa usomaji huo wa pili una haki, basi tabasamu la mke katika utendi si unafiki. Ni stara yenye busara ndani yake. Tofauti kati ya stara na hadaa iko katika madhara. Stara humlinda anayeitumia bila kumnyang'anya mwenzake kitu, ilhali hadaa hujengwa juu ya hasara ya mwingine. Mwana Kupona hamfundishi binti yake kumtega mtu. Anamfundisha kuishi salama katika nyumba ambayo sheria zake hakuzitunga yeye.

Kabla yake kidogo, mjini Mombasa, Muyaka bin Haji, aliyeishi takriban kati ya 1776 na 1840, alikuwa ameupeleka ushairi kwenye shughuli za kila siku za mji: siasa, biashara, vita, mapenzi na ugomvi wa nyumbani. Mashairi yake yalihifadhiwa kwa juhudi za Mwalimu Sikujua na William Taylor, yakachapishwa na William Hichens mwaka 1940, na kuchunguzwa kwa kina na Mohamed Abdulaziz mwaka 1979. Katika utamaduni huu wa fumbo, mshairi humtaja mpenzi kwa jina la ua, chombo au tunda, na msikilizaji hulazimika kufumbua. Fumbo lina maadili yake. Anayefumba anajua kuwa anafumba, na hadhira nayo inajua kuwa imefumbiwa. Mhadaa, kinyume chake, huhitaji hadhira isiyojua. Tangu mwanzoni mwa karne ya 20 maandishi ya kanga yamefuata maadili hayohayo ya fumbo: mvaaji husema bila kufungua kinywa, na mlengwa hufahamu.

Shahidi anapofungwa: Unguja ya miaka ya 1920

Mji wa Unguja wa mwanzoni mwa karne ya 20 ulikuwa umebadilika. Utumwa ulikuwa umekomeshwa kisheria, watu walikuwa wakihamia mjini kutoka mashambani na kutoka bara, na wanawake wengi waliishi ng'ambo, nje ya ulinzi na nje ya udhibiti wa jamaa. Katika mji huo aliinuka Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba karibu na mwaka 1880, akaingia mjini akiwa mtu wa hali ya chini, na mwaka 1928 akasafiri Bombay kurekodi santuri kwa Kiswahili. Taarabu iliyokuwa imelelewa katika kasri tangu enzi ya Sayyid Barghash sasa ilizungumza lugha ya mtaa.

Miongoni mwa nyimbo zake zinazokumbukwa sana ni ule wa Kijiti. Kama watafiti walivyoueleza, hasa Laura Fair katika kitabu chake cha mwaka 2001, wimbo huo unatokana na tukio la kweli. Mwanamke mgeni kutoka bara alialikwa kwenye starehe na mwanamume, akatolewa nje ya mji, akabakwa na kuuawa. Muuaji alitorokea bara. Wanawake waliofuatana na marehemu walikwenda mahakamani kutoa ushahidi, na mwisho wake wao ndio waliotiwa hatiani, kwa sababu ya pombe iliyonunuliwa kwa ajili ya starehe ile.

Hiki ni kisa cha kanzu iliyochanika, safari hii mbele ya mahakama ya kikoloni. Mwaliko ulikuwa na sura ya urafiki. Aliyeukubali amekufa, waliosema kweli wamefungwa, na aliyealika yuko huru. Taarifa ya mahakama ingeweza kuufunga mlango hapo. Wimbo haukuukubali mwisho huo. Ulimtaja mtenda kwa jina, na ulirudiwa katika majumba na katika santuri miaka mingi baada ya mahakimu kusahauliwa. Pale ambapo sheria ilitumia kauli ya kutendeka, kana kwamba mgeni yule alikufa tu, Siti alirudisha kauli ya kutenda. Kwa wachunguzi wa fasihi, hapa ndipo sanaa inapofanya kazi ya kumbukumbu ambayo nyaraka za serikali hazikuikusudia.

Riwaya na hukumu ya msichana

Baada ya uhuru, riwaya ilichukua nafasi kubwa katika mjadala huu. Shule, ajira na mishahara ziliwatoa vijana nyumbani, na ahadi ya ndoa ikaanza kutolewa mbali na macho ya wazazi wa pande zote mbili. Zamani mshenga alikuwa pia shahidi. Katika bweni, katika nyumba ya wageni au ndani ya gari, ahadi haikuwa na shahidi.

Riwaya ya Euphrase Kezilahabi, Rosa Mistika, ilitoka mwaka 1971, na kwa muda ilizuiwa kusomwa shuleni. Rosa analelewa Ukerewe chini ya ukali wa baba, Zakaria, ambaye anadhani kumficha binti ni kumlinda. Anapotoka nyumbani kwenda masomoni hana ujuzi wa kupambanua neno la kweli na neno la chambo. Deogratias anamnasa, na baada yake wanakuja wengine. Mwishowe Charles, mchumba ambaye angekuwa njia ya kurudi kwenye maisha mapya, anamkataa kwa kuwa hana ubikira, naye Rosa anajiua. Jamii inasema Rosa aliharibika. Riwaya inamlazimisha msomaji aulize aliharibiwa na nani: na waliomhadaa peke yao, au pia na baba aliyemnyima maarifa, na mchumba aliyeipima thamani yake kwa kipimo ambacho hakujipimia mwenyewe?

Mwaka uliofuata, 1972, Mohamed Suleiman Mohamed alichapisha Kiu. Humo hadaa inaonekana kwa uwazi zaidi, kwani inatendwa kwa hesabu. Mzee tajiri, Mwinyi, ana kiu ya mapenzi. Kijana Idi ana kiu ya mali. Bahati anapenda kwa moyo. Idi anauvaa uso wa mpenzi, na chini ya uso huo kuna mahesabu ya fedha. Ubora wa riwaya hii ni kwamba mwandishi hamwachi mhadaa gizani. Msomaji anaziona hila zake zikiandaliwa, kwa hiyo hawezi kumlaumu Bahati kwa kutojua jambo ambalo lilifichwa kwa ustadi. Hata hivyo, hasara kubwa inabaki kwa Bahati. Riwaya inaweza kumhukumu mhadaa mbele ya wasomaji, lakini haiwezi kumrudishia aliyehadaiwa kilichopotea.

Sheria, simu na jina jipya

Katika mwaka uleule wa Rosa Mistika, Bunge la Tanzania lilipitisha Sheria ya Ndoa ya 1971. Sheria hiyo iliruhusu mtu aliyevunjiwa ahadi ya ndoa kudai fidia mahakamani, ingawa haikumlazimisha yeyote kuoa au kuolewa. Iliruhusu pia madai dhidi ya mtu aliyezini na mwenzi wa ndoa, au aliyemshawishi mwenzi huyo aihame nyumba yake. Inafaa kulinganisha: Uingereza, ambako dai la kuvunjiwa ahadi ya ndoa lilikuwa na historia ndefu, ililifuta kwa sheria ya mwaka 1970. Wakati nchi moja iliamua kuwa ahadi ya mapenzi si jambo la mahakama, nyingine iliamua kuwa mwenye kuivunja anaweza kudaiwa. Uamuzi wa pili una maana kubwa katika historia inayojadiliwa hapa, kwa kuwa unaielekeza gharama kwa mtenda. Tatizo lake ni lilelile la zamani: ahadi iliyotolewa faraghani huhitaji kuthibitishwa.

Simu za mkononi zilizoenea tangu miaka ya 1990, na huduma za kutuma fedha kwa simu zilizoanza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, zimebadilisha sura ya ushahidi. Hadaa imekuwa rahisi, kwani mtu anaweza kujipa jina, picha na kazi asiyokuwa nayo, akaomba nauli na asije. Lakini ujumbe hubaki, na muamala huacha alama. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015 imeifanya kuwa kosa kujifanya mtu mwingine kwa kutumia kompyuta. Kanzu sasa huchanika katika kioo cha simu, na shahidi anaweza kuitazama.

Mabadiliko yenye uzito zaidi kwa mwanaisimu, hata hivyo, hayakutoka bungeni. Mwishoni mwa miaka ya 2000 redio za Tanzania zilirusha matangazo mafupi ya kampeni ya afya kuhusu mwanamume mtu mzima anayewarubuni wasichana wadogo kwa zawadi na lifti. Mhusika huyo aliitwa Fataki. Mtu wa kando huingilia kati, na hila hushindwa. Jina hilo halikubaki redioni. Liliingia mitaani na kuwa nomino ya kawaida, kiasi kwamba mwanamume wa aina hiyo aliweza kuzomewa kwa neno moja tu. Kwa muda mrefu lugha ilikuwa na majina mengi makali ya kumwita msichana aliyerubuniwa, na majina machache ya kumwita aliyemrubuni, tena mengine yakiwa na harufu ya sifa. Fataki lilikuwa jina la mtenda, lisilo na sifa yoyote ndani yake.

Hitimisho

Mifano iliyopitiwa inaonyesha kwamba hadaa katika mapenzi haikuzaliwa na mji, shule wala simu. Ilikuwapo Pate, ilisimuliwa katika kisa cha Misri, iliimbwa Unguja na kuandikwa katika riwaya. Kilichobadilika ni kile ambacho mapenzi yalifanywa chambo chake: ufalme, heshima ya nyumba, starehe ya mji, mali. Kilichobadilika polepole zaidi ni anayelipa. Liyongo alikufa, Yusufu alifungwa, mashahidi wa Unguja walifungwa, Rosa alijiua, Bahati alibaki na hasara.

Kwa wanafunzi na wataalamu wa Kiswahili, kazi iliyobaki ni ya kitaaluma na ya kimaadili kwa pamoja. Kamusi, masimulizi, kumbukumbu za mahakama na mazungumzo ya kila siku vinapaswa kuchunguzwa kwa swali rahisi: katika sentensi hii, mtenda yuko wapi? Methali ni sahihi kwamba mapenzi ya kweli hayafichiki. Aliyefichika kwa muda mrefu ni yule aliyeyaigiza, na mahali alipojificha pamoja ni ndani ya kitenzi kuharibika.